Njoo na Njaa Yako

Tulimwita Daktari, naye hakutukataza. Hakuwa daktari. Alikuwa mtu wa maabara, aliyepima damu na mikojo ya watu katika zahanati mbalimbali za pwani mpaka akastaafu, kisha akafungua chumba chake mwenyewe mtaani kwetu Malindi. Kilikuwa chumba kimoja tu, chenye baraza ya saruji mbele na mlango wa kijani. Juu ya mlango alikuwa ameandika kwa rangi nyeupe, kwa mkono wake mwenyewe: NJOO NA NJAA YAKO. Mgeni angedhani ni hoteli. Sisi tulijua ni amri.

Namwandika nikiwa na hasira, na sitaki msomaji adhani imepoa. Nimeona watu wakianza kumsimulia mtu aliyewaumiza, na kabla hawajafika katikati wameshamsamehe kwa sababu alikuwa na kofia nzuri au alicheka vizuri. Daktari alikuwa na kofia nzuri pia. Ilikuwa ya vito, ya kushonwa kwa mkono, na alicheka kwa sauti iliyofika kwa muuza samaki wa pembeni. Hayo nitayasema yote. Kusamehe ni jambo jingine na sijaliahidi.

Nianze na mikono yake, kwa kuwa ndiyo sehemu yake nisiyoweza kuitia kosa. Alikuwa mwepesi wa sindano kuliko muuguzi yeyote niliyewahi kukutana naye. Mzee akija na vidole vya baridi, alivishika katikati ya viganja vyake akavisugua taratibu huku akimuuliza habari za wajukuu, na mzee alipokuwa bado anajibu, tone la damu lilikuwa limeshakaa kwenye kijiti cha kupimia. Alichoma pembeni mwa kidole, si katikati, ili mtu aweze kushika sindano ya cherehani au ndoana siku hiyo hiyo bila maumivu. Mvua za masika zikijaa mtaani, alikunja suruali na kuwafuata wagonjwa majumbani na mkoba wake kichwani. Koti lake jeupe lilifuliwa kwa buluu na kupigwa pasi mpaka likasimama lenyewe.

Mdomo wake sasa. Kila Jumamosi asubuhi alipanga viti barazani, na mtaa mzima wa watu wazima ukaja na njaa yake kupima sukari. Namba ikitokea kwenye mashine, hakuisema yeye. Alimwonyesha mwenye damu, kisha akamwamuru: "Sema mwenyewe, wa nyuma wasikie." Nawe ulisema. Ukiwa na tano, barazani walikushukuria Mungu. Ukiwa na nane, Daktari alivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti, akakuuliza mbele ya majirani zako ulikula nini usiku, ulikula na nani, na nani alikupakulia. Nilimwona mwanamume mzima, baba wa watoto sita, akikana bakuli la tambi za sukari kama mwizi anayekana kuku.

"Damu haijui kusema uongo," Daktari alipenda kusema. Alilisema hilo kila Jumamosi, na kila Jumamosi damu yetu ilimdanganya.

Ilimdanganya kwa sababu tulikuwa tumeifundisha. Hakuna mtu anayependa kusimama mbele ya majirani akitaja aibu yake kwa sauti, basi wanawake wa mtaa wakabuni desturi yao, wakaiita kufunga sukari. Ikifika Jumatano jioni, kopo la sukari lilipandishwa juu ya kabati. Alhamisi ilikuwa ya mchicha na samaki wa kuchoma. Ijumaa watu walikunywa maji ya muarobaini yaliyochemshwa mpaka yakawa meusi, wakalala bila kula. Jumamosi asubuhi walipanda barazani wepesi, midomo imekauka, wakasema namba zao kwa sauti, wakateremka, na kabla jua halijawa kali kila nyumba ilikuwa inanukia iliki na nazi. Wiki ya kula ilikuwa imeanza upya.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi Kilifi, na mchezo huo naujua. Kuna mtoto anayelala muhula mzima, kisha akakariri kitabu usiku wa kuamkia mtihani na kupata alama za kutosha kumfurahisha babake. Ukimuuliza tena baada ya wiki, hana kitu. Mwalimu mwenye akili haridhiki na mtihani mmoja ambao kila mtu anaijua siku yake. Daktari aliridhika, na zaidi ya kuridhika, alijisifu.

Mama yangu alikuwa ndiye mwanafunzi wake bora. Mtaani walimwita Bi Rukia wa mahamri, kwa kuwa ndiyo kazi iliyotulea tangu baba alipofariki. Alikuwa na tabia moja ambayo ni kipaji na ni balaa: akiamua kufanya jambo mbele ya watu, atalifanya hata limuue. Hakuwahi kukosa Jumamosi, wala hakuwahi kutaja namba ya kumwaibisha. Akisema "Tano nukta saba," Daktari aliinuka kitini kabisa, akawageukia wengine: "Mwaona? Huyu anashinda na unga na mafuta, na damu yake safi. Nyinyi mnaoshinda mmekaa mna udhuru gani?" Mama aliteremka barazani amejifunga buibui vizuri, hatazami kushoto wala kulia. Nilikuwa nikimwonea fahari. Siku hizi nikikumbuka uso wake ule, natamani kuvunja kitu.

Na huyo huyo Daktari, viti vikishaingizwa ndani, ndiye aliyemtuma mtu kwa mama kuchukua mahamri na mbaazi za nazi. Alikula amekaa kwenye baraza ile ile. Kahawa yake ilikuwa chungu, hakutia hata chembe ya sukari, lakini kando yake hapakukosekana kashata. Mtu akimtania, alijibu kwamba kashata ni ya kahawa, si ya mtu. Tulicheka. Alikuwa mcheshi, siwezi kumnyima hilo.

Upuuzi wake ulifika kilele kila Ramadhani. Mwezi huo hakupima asubuhi, kwa sababu watu walikuwa wamekula daku. Alipima alasiri, kabla ya futari, mtaa mzima ukiwa haujatia kitu kinywani tangu alfajiri. Kwa hesabu yake, njaa ya siku nzima ilikuwa bora kuliko njaa ya usiku mmoja. Karibu kila mtu alitoka na namba ya kupendeza, na mwaka mmoja alisimama akatangaza kwamba mtaa wetu hauna sukari. Siku hiyo alikuwepo mgema mmoja kutoka Kaloleni aliyeleta nazi sokoni, akaingia mstarini naye. "Mimi si Muislamu, Daktari," alisema, "lakini tangu asubuhi sijala kwa ajili ya sindano yako." Daktari akamsifu kwa adabu yake. Adhana ilipolia, mtaa usio na sukari ulifungua kwa tende, ukashika kaimati zilizokuwa zikichuruzika shira, ukamalizia na juisi ya ukwaju iliyotiwa sukari mpaka kijiko kikasimama. Laiti angerudi na mashine yake saa moja baadaye. Hakurudi. Alikuwa kwake anakula kaimati.

Mtu atauliza: labda alikuwa hajui vipimo vingine? Alivijua vyote, na hapo ndipo ninapomshika.

Vipimo viko vitatu, na alinieleza yeye mwenyewe nilipokuwa msichana wa sekondari, kwa mkono uliokuwa ukichora hewani. Kuna hicho cha njaa, kinachokuambia sukari iko wapi asubuhi ile tu. Kuna cha maji ya sukari: unapimwa, unapewa bilauri tamu kupita kiasi, unakaa saa mbili bila kutembeatembea, unapimwa tena, na mwili unaonekana kama unaweza kuibeba sukari au umeshindwa. Na kuna cha miezi mitatu, ambacho hakihitaji njaa wala matayarisho. Sukari hushikamana na chembe nyekundu za damu, chembe huishi takriban miezi mitatu, basi ukizipima unaona mtu amekuwa akiishi vipi muda wote huo. Huwezi kukidanganya kwa siku tatu za mchicha.

Alikieleza vizuri, kisha akakidharau. "Hicho ni kipimo cha watu wavivu wa kufunga," alisema. Nadhani kilimchukiza kwa sababu hakikumhitaji. Hakikuhitaji Jumamosi wala viti vya barazani, wala mtu wa kukuamuru useme.

Lakini haki yake nampa, ingawa inaniuma kumpa. Kulikuwa na fundi wa nguo, mwanamke wa Mtwapa aliyeolewa mtaani kwetu. Alikuwa na kiu isiyokatika, na kliniki moja huko kwao ilikuwa imempima cha miezi mitatu, ikamwambia yuko salama. Daktari alimtazama macho, akamuuliza kama kwao kuna ugonjwa wa selimundu, ule wa chembe za damu zilizopinda kama mundu. Akasema upo, dadake alikuwa nao. "Basi chembe zako huenda zinakufa mapema," alimwambia, "na namba waliyokupa si ya kutegemea." Akampa bilauri ya maji ya sukari, akamkalisha barazani saa mbili huku akimsimulia visa vya Lamu, akampima tena. Kumi na tatu. Mwanamke yule yu hai na macho yake yote mawili kwa sababu ya asubuhi ile, na kila Idi alimpelekea Daktari sahani ya halwa, ambayo sijui ilikuwa ya nani kama kashata ilikuwa ya kahawa.

Kwa hiyo alijua. Alijua kipimo kinaweza kudanganywa na mwili, na alijua la kufanya kikidanganywa. Angekuwa mjinga ningemwonea huruma, nikapita.

Mama alianza kuamka usiku kunywa maji. Akawa analalamika nyayo zina ganzi, kwamba akitembea peku sakafuni anahisi kama amevaa soksi. Nilikuwa likizo kutoka chuo cha ualimu. Jumamosi hiyo nikapanda naye barazani, nikamwamkia Daktari, akaitikia marahaba, nikamwomba kwa heshima zote ampime mama cha maji ya sukari, au ampe barua tukapime cha miezi mitatu hospitalini.

Alivua miwani. Nikajua.

"Binti," alisema, na sauti ilikuwa ya kuwafikia wa nyuma, "mamako amepita hapa Jumamosi ngapi? Au ukishasoma chuo ndiyo utakuja kunipima na mimi?"

Watu walicheka. Mama naye alicheka, akanifinya mkono. Kisha akasema namba yake, sita kamili, akasifiwa, tukarudi nyumbani tukanywa chai.

Ulipita kama mwaka. Asubuhi moja mama alikuwa jikoni anapika mahamri, nami nimekaa mlangoni nikisahihisha madaftari. Nilisikia harufu ya ngozi inayoungua. Nikainua macho, nikamwona amesimama anageuza mahamri kwenye karai, na kaa la moto limelala juu ya mguu wake wa kulia, kati ya vidole. Hakuwa amehisi kitu. Nilimwita, akanitazama mimi, hakutazama mguu.

Kidonda kilikataa kupona. Daktari alikuja nyumbani, na mikono yake ile ile ya upole ikakiosha na kukifunga. Alimpima sukari pia. Bila shaka alimpa taarifa siku mbili kabla ili aje na njaa yake, na mama, kwa maumivu yote aliyokuwa nayo, alifunga sukari kama kawaida. Sita nukta mbili. "Sukari haina kosa hapa," Daktari alisema. "Moto ni moto." Akarudi wiki iliyofuata na iliyofuata, mpaka nilipoinusa bandeji mwenyewe, nikakodi gari, nikampeleka mama Kilifi bila kumuaga mtu.

Tabibu aliyetupokea alikuwa msichana mdogo kuliko mimi. Alifunua mguu, akataka damu ya kipimo cha miezi mitatu hapo hapo. Mama akaukunja mkono wake kifuani.

"Mwanangu, leo siwezi," alimwambia. "Nimekunywa chai. Sijajiandaa."

"Hiki hakiandaliwi, mama," msichana alijibu.

Ilikuwa mara ya kwanza kumwona mama akiogopa sindano. Majibu yakaja: kumi na mbili nukta moja, na kwa kipimo hicho mtu asiye na sukari hafiki hata sita. Mguu ukakatwa chini ya goti.

Ungedhani hapo mama angekasirika pamoja nami. Hakukasirika. Aliporudi mtaani aliwaambia watu mguu umeondoka kwa moto, basi, na akanikanya nisiseme vingine. "Usimvunjie mzee wa watu heshima," aliniambia. "Mimi ndiye niliyekuwa nafunga." Daktari alikuja kumtazama, akalia machozi ya kweli, akasema ajali haina kinga. Jumamosi iliyofuata akapanga viti vyake. Wanawake wale wale wakapanda. Mmoja wao akaniambia kwamba tangu Bi Rukia apate ajali, yeye anafunga sukari tangu Jumanne, kwa tahadhari.

Nikamchukia hasa siku ile. Nilikuwa nikirudi Kilifi, nafundisha, nasahihisha, na ndani yangu namtaka kitu kimoja tu. Sikutaka anilipe wala afunge chumba chake. Nilitaka aseme mwenyewe, wa nyuma wasikie.

Ilinichukua muda kupanga. Nilijiunga na kikundi cha kina mama wa mtaani, nikaandika maombi, nikawafuata watu wa zahanati mpaka wakanichoka, na mwisho wakakubali kutuletea muuguzi na mashine ndogo ya kupima cha miezi mitatu, ile inayotoa jibu kabla chai haijapoa. Niliomba waje Jumamosi. Niliomba meza iwekwe upande wa pili wa njia, kuikabili baraza ya Daktari. Sikumtangazia mtu kipimo gani kinakuja.

Asubuhi hiyo watu walitoka wametawanyika, hawajui waende upande upi. Wengi walikuwa wameshakula. Muuguzi akawaambia si neno, na ukawaona wanavyosogea kwa wasiwasi, mmoja mmoja. Muuguzi yule alimnong'oneza kila mtu jibu lake sikioni. Nilitazama nyuso. Mwanamke aliyefunga tangu Jumanne alikaa chini kwenye ukingo wa njia, akaomba maji.

Daktari alivuka akiwa amevaa koti lake. Alikuwa amezeeka kuliko nilivyomkumbuka, na alivuka polepole, akipapasa njia kwa mguu kabla ya kukanyaga. Mama alikuwa karibu na meza kwenye kiti chake cha magurudumu. Akanitazama tu mara moja, akaelewa.

"Mwanangu, wacha," alisema.

"Shikamoo Daktari," nikasema mimi. "Karibu kiti. Nimeshasoma chuo."

Alinikumbuka. Nilimwona akikumbuka. Angeweza kurudi kwake, lakini baraza nzima ilikuwa imegeuka kumtazama, naye hakuwa mtu wa kukimbia kiti. Alikaa, akanyoosha kidole chake mwenyewe, pembeni, akamfundisha muuguzi mahali pa kuchoma. Tukangoja. Mashine ikalia, muuguzi akainama kumnong'oneza.

"Hapana," nikasema. "Aseme mwenyewe, wa nyuma wasikie."

"Mwalimu, majibu ni siri ya mgonjwa," muuguzi akasema, na alikuwa na haki.

"Mwache, bibi," Daktari akamwambia. "Hiyo kanuni ya kusema mwenyewe ni yangu." Akavua miwani, akaitazama ile namba kwa karibu sana, karibu kuliko mtu anayeona vizuri. "Kumi nukta nne."

Hakuna aliyemshukuria Mungu wala aliyecheka.

"Kila asubuhi najipima," alisema, kama anayejieleza kwa mtu mmoja asiyeonekana. "Kila asubuhi kabla ya kahawa. Sita. Sita na kitu."

"Na Bi Rukia?" nikauliza.

Alimgeukia mama. Mama alikuwa ameinamisha kichwa, anajifungafunga ncha ya leso kidoleni.

"Mguu wa Bi Rukia," Daktari akasema, "haukuondoka kwa moto. Uliondoka kwa kipimo changu. Binti huyu aliniambia, nikamcheka."

Njia ile ni nyembamba. Wa nyuma kabisa walikuwa wameegemea ukuta wa nyumba ya pili, na wote walikuwa wamesikia.

"Rudia," nikamwambia. "Wa nyuma hawajasikia."

Akarudia, neno kwa neno. Mama akaufikia mkono wangu, akanifinya kama alivyonifinya siku ile barazani.

"Umeshiba sasa?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

"Bado," nikasema, na nikamgeukia tena Daktari.